Neno Kabla ya Mafuta

Mwalimu Sylvester, katekista wa kigango, alikuwa mtu wa masharti. Hata baiskeli yake ilikuwa na masharti: haiazimwi, haiegemezwi mtini, wala kengele yake haichezewi. Kwa hiyo aliposimama asubuhi ile kwenye kizingiti cha tembe ya Lugembe, kofia mkononi, akamwona mzee amelala macho yamezama na kifua kinapanda kwa shida, hakutangulia na pole. Alitangulia na sharti.

"Mama Wenceslaus, Padri nitamfuata sasa hivi," alimwambia Apolinaria, mke wa mgonjwa. "Lakini mambo yenu unayajua. Mpako wa Mwisho hapewi mtu anayeishi na wanawake wawili. Mzee amwache huyu wa pili, kwa kinywa chake mwenyewe, na pawe na shahidi. Wewe peke yako hutoshi. Kila mke wa ndoa angesema kwamba mwenzake kaachwa. Na Padri akifika, huyo mwanamke asimkute chini ya dari hii."

Alisema "huyo mwanamke" na huyo mwanamke yupo palepale, amepiga magoti miguuni pa mgonjwa na beseni la maji ya moto. Tatu hakuinua uso. Aliendelea kuosha nyayo za mzee, kidole baada ya kidole, kwa kuwa Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeagiza jana yake kwamba zioshwe. Mafuta hupakwa machoni, masikioni, puani, mdomoni, mikononi na miguuni, na Padri asije akakuta vumbi.

"Nimesikia, Mwalimu," alijibu Apolinaria, na moyoni, tuseme ukweli, alifurahi. Yeye ndiye aliyefunga ndoa kanisani. Pete bado ilikuwa kidoleni, imechakaa hadi ikawa nyembamba kama uzi, na tangu kabla ya vita vya Hitla alikuwa akingoja mtu mwenye mamlaka aje aseme maneno hayo ndani ya nyumba hii, Tatu akiwepo na kusikia. Leo yamesemwa. Uchungu wake ni kwamba yamesemwa wakati mume wake anakufa.

Mwalimu aliinama kitandani. "Mzee Raymundi," alisema, maana hilo ndilo jina alilobatizwa Lugembe, "unamwacha Tatu?"

"Mlete Padri," alisema mzee. Sauti ilikuwa nzito, lakini ilikuwa yake.

"Nimekuuliza, unamwacha?"

"Mlete Padri. Nitasema naye."

Mwalimu alitazama nje, akaliona jua linavyopanda, akafikiria mchanga wa njiani mpaka misheni. Akakosea hapo. Aliamini kwamba mtu anayesema asubuhi atasema na jioni. "Basi aseme kabla sijarudi," alimwambia Apolinaria, kana kwamba anamwachia mtoto kazi ya shule, akapanda baiskeli yake, akaenda.

Kilikuwa kiangazi, mwaka ule ambao matrekta ya karanga ya Waingereza kule Urambo yalikuwa yamenyamaza. Kijiji chenyewe kilikuwa upande wa Usoke, karibu na reli, na nyuma ya tembe ya Lugembe ilipita njia ya zamani ya misafara, ambayo sasa ilipitwa na mbuzi tu na watu wa kwenda Tabora wasio na nauli. Ujanani Lugembe aliipita njia ile na pembe za ndovu begani mpaka pwani. Gari la moshi lilipomnyang'anya kazi, alirudi nyumbani, akalima, akafundishwa dini, akabatizwa, akamwoa Apolinaria. Wote walimhesabu kuwa Mkristo safi. Halafu mwaka mmoja akaenda Tabora kuuza asali, akakaa mtaa wa Kanyenye siku nyingi kuliko asali ilivyohitaji, na aliporudi alirudi na Tatu, binti wa mama mmoja Mwislamu aliyekuwa akipika vitumbua.

Misheni ilimfungia sakramenti. Wengine wakifungiwa hukasirika, huhamia kwa Wamoraviani au hurudi kwenye matambiko ya babu zao. Lugembe hakwenda popote. Kila Jumapili alimsindikiza Apolinaria kanisani, akabaki nje chini ya upenu, akisikiliza mahubiri kupitia dirishani, kisha akakaa karibu na baiskeli za watu mpaka misa ikaisha. Miaka yote hiyo. Wiki iliyopita, homa ilipomlaza na kifua kikaanza kumbana, alimshika Apolinaria mkono akamwambia, "Nimesimama nje vya kutosha. Sitaki kufa nje." Basi, hilo tu ndilo alilolitaka. Apakwe mafuta, azikwe kwenye makaburi ya Wakristo, ndani ya ua ule wa minyaa ambao kwa miaka mingi aliutazama kwa mbali.

Na nje ya tembe, juu ya kigoda, alikaa Masolwa, mdogo wake, ambaye maji ya ubatizo hakuyataka hata kwa kuyasikia. Alikuja na jembe. Hakuliegemeza ukutani, alilipakata mapajani.

"Mwangaluka, shemeji," alimwamkia Apolinaria alipotoka kumwaga maji.

"Mwangaluka. Jembe la nini asubuhi hii, na mtu bado anapumua?"

"La kungojea. Padri wako ana masharti, mimi sina. Akikataa, mahali pake papo, kando ya zizi, karibu na baba yetu. Hapo haulizwi mtu ana wake wangapi."

Apolinaria alimwaga maji. Alirudi ndani haraka, akapiga magoti kichwani pa kitanda.

"Baba Wenceslaus," alisema, kwa jina la mtoto wao aliyekuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, "umemsikia Mwalimu. Sema. Ni neno moja. Sema unamwacha, mimi na shemeji tusikie, Padri akija akute limekwisha."

Tatu alisimama na beseni lake atoke.

"Kaa," alisema mzee.

Tatu akakaa. Lugembe alimtazama huyu, akamtazama yule, pumzi yake ikivutwa kama kamba ya kisima kirefu.

"Nilimtoa kwao msichana," alisema mwishowe. "Leo nimrudishe kibibi? Nimrudishe kwa nani?"

"Ana kaka yake. Nassibu yuko Kanyenye."

"Nassibu alikufa, bi mkubwa," alisema Tatu polepole. "Mvua za mwaka juzi. Nilikwambia."

Apolinaria alihisi uso unamwaka. Ni kweli aliambiwa. Aliambiwa wakiwa wanapepeta mtama, na aliitikia kama mtu anayeambiwa mbuzi wa jirani kapotea, akaendelea kupepeta. Mwanamke huyu alifiwa na ndugu yake wa mwisho ndani ya nyumba hii na hakuna aliyemkalia matanga. Lakini saa hii haikuwa saa ya kuona aibu, na Apolinaria aliisukuma aibu kando kwa nguvu.

"Hata kama," alisema. "Baba Wenceslaus, ni roho yako. Sema."

"Namtaka Padri," alisema Lugembe. "Na Tatu simtupi. Yote mawili. Mungu ata..."

Neno halikwisha. Mdomo ulienda upande, jicho moja likalegea, na kilichofuata hakikuwa maneno bali mlio wa kooni. Apolinaria alimshika mashavu, akamwita jina lake la kanisani, akamwita jina lake la nyumbani, akamwita hata kwa jina la utani alilokuja nalo kutoka kwa wapagazi. Lugembe alimtazama kwa jicho zima, akasikia, lakini ulimi ulikuwa umelala.

Hapo ndipo Apolinaria alipopandwa na hasira ambayo hakuwahi kuitoa tangu siku ya asali. "Umeridhika?" alimwambia Tatu. "Uliingia nyumba hii bila kuitwa, ukala, ukalala, na sasa hata kufa umemharibia. Mwenzio angeingia mbinguni leo. Wewe ndiye uliyekaa mlangoni."

Tatu alikuwa na ulimi wa mjini, na siku nyingine wangesikilizana mpaka kwa jirani. Safari hii aliuma mdomo wake wa chini, akachukua kitambaa, akampangusa mzee mate yaliyokuwa yakichuruzika kidevuni.

Apolinaria hakukata tamaa. Alichukua mkono wa kulia wa mume wake, ule ambao bado ulikuwa na uhai, akauweka kati ya mikono yake. "Kama huwezi kusema, bana. Kama unamwacha Tatu, nibane mkono. Mimi nitaapa ulibana."

Mkono ulikuwa wa moto na umelegea. Apolinaria alingoja. Alingoja kwa hamu kiasi kwamba mara mbili alidhani umebana, kumbe ni damu yake mwenyewe inadunda kwenye vidole. Kisha Lugembe, akimtazama moja kwa moja, aliuvuta mkono wake taratibu ukatoka, akauweka kifuani. Alielewa alichoulizwa, na alikataa.

Kuna mambo mwanamke huyaweka moyoni na kuyapeleka kaburini, na kukataa kule kulikuwa mojawapo. Apolinaria alitoka nje, akajifuta uso kwa pembe ya kanga, akamwendea Masolwa.

"Shemeji, nikuombe kitu. Padri akija, useme ulimsikia kaka yako akimwacha Tatu."

"Alimwacha?"

Apolinaria alinyamaza.

"Basi," alisema Masolwa. "Mimi nidanganye ili ndugu yangu akazikwe na watu nisiowajua, waliomsimamisha nje kama mbwa? Niombe tumbaku, shemeji. Hilo sikupi."

Ikawa hivyo. Shahidi hapana, neno hapana, na Padri yuko njiani. Gari la moshi la Kigoma lilipita, likapiga honi, na kila mtu kijijini akajua ni adhuhuri. Apolinaria aliandaa meza, kwa sababu mikono ikikaa bure kichwa huenda mbali. Aligeuza sanduku la Wenceslaus, akalitandika kitambaa cheupe, akaweka msalaba, mishumaa miwili, maji ya baraka kwenye kikombe, na kipande cha limau cha Padri kusafishia vidole. Ilibaki pamba. Padri anahitaji vidonge vidogo vya pamba, kila kiungo na chake, na pamba iliyokuwapo ndani ilikuwa bado na mbegu.

Alipogeuka alimkuta Tatu amekwisha kaa nayo. Alikuwa akiichambua mbegu moja moja, akiifinyanga vidonge, akivipanga kwenye sahani ya bati. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa Mwislamu, mafuta yale hayakuwa ya dini yake, na kwa hesabu ya Mwalimu Sylvester yeye ndiye uchafu uliotakiwa kuondolewa kabla hayajafunguliwa. Apolinaria alisimama akamtazama. Alitaka kumchukia na chuki haikuja vizuri.

Pumzi ya mzee ilianza kuwa na mapengo. Ilikuwa ikikatika, nyumba nzima inangoja, halafu inarudi na mkoromo. Kila ilipokatika wanawake wale wawili waliinua vichwa pamoja. Ilipokatika kwa muda mrefu zaidi, Apolinaria alijikuta amemshika Tatu bega, na iliporudi aliondoa mkono wake.

"Bi mkubwa," alisema Tatu. "Padri akiambiwa hakusema, atafanyaje?"

"Atafunga mkoba wake."

"Hata kama amemwita mwenyewe? Wiki nzima anaita Padri, Padri."

"Sharti ni sharti. Bila neno hakuna mafuta."

Tatu aliitikia kwa kichwa. Alimaliza kidonge cha mwisho, akapangusa mikono, akamfunika mzee miguu. Kisha akaenda pembeni, akakunja mkeka wake, akakusanya kanga zake na kisufuria chake cha chai, akafunga mzigo. Kabla ya kutoka aliweka kiganja kwenye paji la uso la Lugembe, akakiacha hapo kidogo. Kwa mbali pikipiki ilikuwa ikiguguma kwenye mchanga.

Apolinaria alimwona akitoka na akaingiwa na hofu mpya. Huyu anaondoka na ukweli mkononi. Anajua kila neno lililosemwa ndani. Akitaka kulipiza, hana haja ya kusema uongo. Atasimulia tu kama ilivyokuwa. Nani angemlaumu?

Padri Nikolaus alikuwa kijana wa hukohuko Unyamwezi, mwembamba, kanzu yake nyeupe imegeuka rangi ya barabara. Mwalimu Sylvester alikuwa amekalia nyuma ya pikipiki, ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza watu walimwona bila baiskeli.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Padri.

"Milele na milele, amina," aliitikia Apolinaria.

Padri aliomba aachwe na mgonjwa amwungamishe. Walisimama nje. Tatu alikuwa ng'ambo ya upenu, juani, mzigo miguuni, mbali na dari kama alivyotakiwa. Masolwa alikuwa kwenye kigoda chake. Padri hakukawia. Alitoka akiwa na stola shingoni, na uso wake ulikuwa na wasiwasi.

"Hasemi," alisema. "Ninamwita, anafungua jicho, lakini hawezi kunijibu, hata kwa ishara. Nimempa maondoleo kwa sharti, kama anatubu. Lakini siwezi kumpaka mafuta mtu aliyeng'ang'ania mke wa pili mpaka mwisho; hilo si langu kulilegeza. Nataka kujua. Alipokuwa anaweza kusema, alimwacha?"

"Niliagiza aseme," alisema Mwalimu Sylvester. Alimgeukia Apolinaria. "Alisema, mama?"

Apolinaria alifungua kinywa. Alikuwa ameliandaa neno tangu adhuhuri, lakini lilikwama. Hajawahi kumdanganya padri, hata kwa yale mambo madogo ambayo wote huyadanganyia. Tena uongo wa mke wa ndoa peke yake haukutosha. Mwalimu alikwisha sema. Ndani ya nyumba pumzi ilikatika. Wote waliisikia ikikatika, na wote wakangoja, mpaka ikarudi.

"Padri, mume wangu..." alianza.

"Alisema," alisema Tatu.

Walimgeukia. Alikuwa amesimama palepale juani, mikono imeshuka, na sauti yake ilitoka bila haraka.

"Mimi ndiye Tatu. Aliniacha leo asubuhi, huyu Mwalimu alipokwisha ondoka. Kasema, Tatu, rudi kwenu Kanyenye, kuanzia leo wewe si mke wangu. Nikamwambia, sawa mzee. Ndiyo maana unaniona na mzigo."

Padri Nikolaus alimtazama kwa makini. Mtu asiye mjinga huona kwamba shahidi anayesema jambo la kumwumiza mwenyewe hana sababu ya kulitunga. "Unajua unachosema?" aliuliza. "Akifa, wewe hutahesabiwa mjane. Hutakuwa na haki ya kitu hapa, wala mahali pa kulilia."

"Najua."

"Mama Wenceslaus. Ni kweli?"

Kwa miaka yote ile Apolinaria alikuwa ameomba rozari baada ya rozari ili asikie maneno hayo, na sasa ameyasikia, na yeye na Tatu walijua kwamba hayakuwahi kusemwa. Alimtazama mwenzake. Tatu hakuwa akimwomba. Alimkazia macho kama mtu aliyekwisha inua upande wake wa mzigo mzito na anangoja wa pili ainue wake.

"Ni kweli, Padri," alisema Apolinaria.

Masolwa alikohoa. Apolinaria alimgeukia haraka, maana huyu naye alijua. Asubuhi ileile alimwuliza Apolinaria kama kweli Tatu kaachwa, na kimya cha Apolinaria kilimjibu. Masolwa alisimama, jembe mkononi, akamkabili Padri.

"Unasemaje, mzee?" aliuliza Padri.

Masolwa alimtazama Tatu, kisha mlango wa nyumba ya kaka yake. Taya zake zilitafuna tafuna bila kitu.

"Nasema uingie ndani," alisema. "Ndugu yangu anachoka."

Padri akaingia. Apolinaria alishika mshumaa na Mwalimu Sylvester akashika sahani ya pamba, na kile kidole gumba cha Padri kikachovya mafuta, kikamgusa Lugembe kwenye kope, kwenye masikio, puani, kwenye ule mdomo uliokwenda upande. Kwa kila mahali Padri aliomba kwa Kilatini msamaha wa makosa ya mahali hapo, na Mwalimu akaitikia amina. Apolinaria naye aliitikia, na kila alipoitikia uongo wake ulimchoma. Hii nitaiungama Jumamosi, alijiambia, na Padri atakuwa huyuhuyu, na atanipa malipizi nisiyoweza kuyamaliza. Lakini aliushika mshumaa wima, nao haukuzimika. Mwanga ulimwangukia Lugembe usoni, na lile jicho zima lilikuwa wazi, likimfuata Padri kutoka kiungo hadi kiungo.

Padri alipomaliza nyayo na kuchukua limau asafishe vidole, pumzi ilikatika tena. Walingoja. Padri aliinama, akaweka sikio kifuani pa mzee, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akainuka, akamfumba macho, akasema kwa Kiswahili, "Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Apolinaria akaangua kilio, na kijiji kikakiitikia. Wanawake walikuja kutoka pande zote, mikono kichwani, wakajaa ndani na uani. Walitandika mkeka, wakamkalisha Apolinaria, wakamvua kilemba, wakamfunga kitambaa cha msiba. Nje alimsikia Padri akimwambia Masolwa kwamba maziko yatakuwa kwenye makaburi ya kigango, na Mwalimu Sylvester akisema yeye mwenyewe atakwenda kuonyesha mahali, si pembeni, katikati. Yote aliyoyaomba Lugembe ameyapata. Na yote aliyoyaomba yeye Apolinaria ameyapata pia: yuko peke yake kwenye mkeka wa mjane, hana mshirika.

Kati ya migongo ya watu palikuwa na upenyo mpaka mlango wa uani, na huko nyuma ilionekana njia ya zamani. Tatu alikuwa akiishika njia hiyo, mzigo kichwani, uso kuelekea Tabora. Hakuwa akilia. Mwanamke aliyeachwa halii kwenye nyumba iliyomwacha. Angelia kwa haki gani? Watu wangemcheka. Alikwenda wima kama anayekwenda kisimani. Mbele yake palikuwa na mwendo wa siku nzima na zaidi, na mwisho wa mwendo huo mji ambamo hakuna aliyekuwa akimngoja.

Apolinaria alisimama.

"Kaa, mayo, kaa mama," walisema wanawake, wakimshika kanga. Mjane hainuki mkekani kabla ya maziko. Hilo hata watoto wanalijua. "Anachanganyikiwa. Mshikeni."

Hakuchanganyikiwa. Aliwapangua mmoja mmoja, akatoka na kitambaa chake cha msiba, miguu mitupu, akapita mbele ya wanaume wote waliokaa uani, akashika njia. Tatu aliposikia nyayo aligeuka.

"Bi mkubwa, rudi. Watakuona."

"Waone."

"Umekwisha sema mbele ya Padri. Ukinirudisha, watajua."

"Wakijua, watanijia mimi. Lete."

Akautoa mzigo kichwani pa Tatu, akaubeba kichwani pake mwenyewe, akageuka. Tatu alibaki amesimama. Halafu uso wake ukakunjika, na machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakaanza kumtoka kimyakimya, akafuata.

Mwalimu Sylvester aliwapokea kwenye mlango wa uani. Alikuwa amesimama katikati, na hakuwa na nia ya kupisha.

"Mama Wenceslaus," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka ndani, kilio kikapungua. "Si umesema mbele ya Padri kwamba huyu ameachwa?"

"Ameachwa na Lugembe," alisema Apolinaria. "Mimi sijamwacha."

Mwalimu alitafuta sharti la kujibu hilo, akageuka kumwangalia Padri. Padri Nikolaus alikuwa kando ya pikipiki yake, akikunja stola. Aliwatazama wale wanawake wawili, akamtazama Masolwa aliyeinamia jembe lake, na ikaonekana wazi kwamba amekwisha elewa. Aliibusu stola, akaitia mkobani, akafunga kamba.

"Mwalimu," alisema, "wapishe wafiwa."

Apolinaria aliingia ndani, akatua mzigo pembeni, akakaa pale alipokuwa amekalishwa. Akamvuta Tatu kwa mkono, na wanawake wakasogea kumpa nafasi.